Meza ya Duara Isiyo Duara: Sayansi ya Mbao katika Samani za Zamani

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki hakukosekani meza ndogo ya mbao iliyowekwa kando ya kiti au pembeni mwa kitanda. Nchini Tanzania wengi huiita stuli. Hutandikwa kitambaa kilichofumwa kwa uzi mweupe, na juu yake huwekwa kikombe cha chai, redio, taa au picha ya arusi. Meza nyingi za aina hii zilizotengenezwa zamani ni za mbao nzima, yaani mbao zilizopasuliwa moja kwa moja kutoka katika gogo la mninga, mvule, mkangazi au msaji, wala si tabaka nyembamba zilizogundishwa au chenga zilizoshindiliwa.

Siku hizi meza hizo hutolewa nje ya nyumba. Uso ukipasuka au mguu ukilegea, mwenyewe huona kwamba umri wake umekwisha. Huiuza kwa bei ya kutupa, au huishia jikoni ikawa kuni. Kabla ya kutoa hukumu hiyo, yafaa kuuliza: ni nini hasa kilichoipasua meza? Je, ni uzee, ni ubovu wa kazi ya seremala, au ni jambo jingine?

Jibu laweza kuanza kutafutwa kwa rula. Chukua meza ya zamani yenye uso wa duara uliotengenezwa kwa mbao nzima. Pima kipenyo chake kwa kufuata nyuzi za mbao, kisha kipime tena kwa kuzikata nyuzi hizo. Mara nyingi vipimo viwili havitalingana. Kile kinachokata nyuzi kitakuwa kifupi kwa milimita kadhaa. Seremala aliuchora uso huo kwa bikari, nao ulikuwa duara siku ulipotoka karakanani. Leo si duara tena, ingawa hakuna aliyeuchonga upya. Makala haya yanaeleza sababu ya ajabu hiyo na faida ya kuijua.

Maji ndani ya mbao

Mbao ni mkusanyiko wa seli ndefu na nyembamba, mfano wa fungu la mirija iliyosimama pamoja. Kuta za mirija hiyo zimejengwa hasa kwa selulosi, hemiselulosi na lignini. Selulosi peke yake ni kiasi cha asilimia 40 hadi 50 ya uzito wa mbao iliyo kavu kabisa. Nyuzinyuzi zake zimelala karibu sambamba na urefu wa shina, nayo lignini huzishikamanisha, kama saruji inavyozishika nondo katika nguzo ya zege.

Maji hukaa mahali pawili katika mbao. Kwanza, hukaa katika uwazi wa mirija, kama maji yaliyo ndani ya chupa. Hayo huitwa maji huru. Pili, hukaa ndani ya kuta zenyewe, katikati ya nyuzinyuzi za selulosi, ambako molekuli zake zimenaswa. Hayo huitwa maji yaliyofungwa. Kiasi cha maji yote hupimwa kwa kulinganishwa na uzito wa mbao iliyo kavu kabisa:

Unyevu wa mbao (asilimia) = (uzito wa sasa − uzito mkavu) ÷ uzito mkavu × 100

Kwa mfano, kipande chenye gramu 180 ambacho kikikaushwa kabisa hubaki na gramu 120 kilikuwa na unyevu wa asilimia 50. Kwa kuwa kigawanyo ni uzito mkavu, mwanafunzi asishangae akisoma kwamba mti uliokatwa sasa hivi waweza kuwa na unyevu unaozidi asilimia 100. Maana yake ni kwamba maji yaliyomo ni mazito kuliko mbao yenyewe.

Mbao inapokauka, maji huru hutangulia kutoka. Katika hatua hiyo mbao hupungua uzito lakini haipungui ukubwa, kama chupa isivyopungua ikimwagwa maji. Unyevu unapofika kiasi cha asilimia 25 hadi 30, maji huru huwa yamekwisha, ila kuta bado zimeshiba. Kuanzia hapo kila tone linalotoka hutoka katika kuta. Nyuzinyuzi za selulosi husogeleana, na mbao husinyaa.

Ni kosa kudhani kwamba mbao ikikauka imekauka moja kwa moja. Mbao hutoa na kupokea maji daima mpaka ilingane na hewa inayoizunguka. Katika joto la kawaida la chumba, hewa yenye unyevu wa asilimia 80 huiacha mbao na unyevu wa kiasi cha asilimia 16. Hewa ya asilimia 65 huiacha na kiasi cha 12. Na hewa ya asilimia 50 huiacha na kiasi cha 9. Ndiyo maana mlango hukwama wakati wa masika na kufunguka kwa wepesi wakati wa kiangazi. Ndiyo maana pia jahazi lililopandishwa pwani kwa muda mrefu hufunguka katika maungio ya mbao zake, na likirudishwa majini mbao huvimba zikabanana tena.

Pande tatu za ubao

Kama mbao ingesinyaa sawasawa kila upande, meza ya duara ingebaki duara, ila ndogo zaidi. Lakini mbao ina pande tatu zenye tabia tatu tofauti.

Upande wa kwanza ni wa urefu wa shina. Kwa kuwa nyuzinyuzi za selulosi zimelala upande huo, maji yanapotoka katikati yao hazipungui urefu ila kidogo sana, kiasi cha asilimia 0.1 hadi 0.2 tu kutoka mbao mbichi hadi kavu kabisa. Upande wa pili ni wa nusu kipenyo, yaani kutoka moyo wa mti kwenda kwenye gome. Upande wa tatu ni wa mzingo, yaani kufuata mzunguko wa pete za mti. Katika miti mingi upande wa mzingo husinyaa zaidi kuliko upande wa nusu kipenyo, mara nyingi kwa karibu maradufu. Sababu mojawapo ni kwamba kuna safu za seli zinazotoka moyoni kwenda kwenye gome, nazo huuzuia upande wa nusu kipenyo usisinyae sana.

Msaji (Tectona grandis) husinyaa kiasi cha asilimia 2.5 katika nusu kipenyo na asilimia 5.8 katika mzingo. Mvule (Milicia excelsa) husinyaa kiasi cha asilimia 2.8 na 3.8. Miti hii miwili, pamoja na mninga (Pterocarpus angolensis), husifiwa na maseremala kwa kutulia. Sifa hiyo si ya kubuni. Ni jina la kila siku la tarakimu hizi ndogo.

Basi fumbo la meza ya duara limefumbuka. Kipenyo kinachofuata nyuzi hakikubadilika. Kile kinachozikata kilisinyaa. Mviringo ukawa yai.

Hesabu ya meza iliyohama

Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya Tanzania yahamie Dodoma, na kuanzia mwaka 2016 uhamisho huo ulitiliwa mkazo mpya. Watumishi wengi waliondoka Dar es Salaam pamoja na samani zao. Chukua mfano wa familia moja iliyobeba stuli ya msaji yenye uso wa upana wa milimita 400, uliopasuliwa kwa namna ambayo upana wake unafuata mzingo wa pete. Tuseme kwamba huko pwani unyevu wa mbao ulikuwa asilimia 16, na baada ya miezi ya kiangazi cha Dodoma umeshuka hadi asilimia 10.

Mbao huanza kusinyaa ikiwa na unyevu wa kiasi cha asilimia 30. Kwa hiyo, kwa makadirio, kila asilimia moja ya unyevu inayotoka husinyaza upana kwa:

5.8 ÷ 30 = asilimia 0.193

Unyevu uliotoka ni 16 − 10 = 6. Kusinyaa kwa jumla ni 0.193 × 6, yaani kiasi cha asilimia 1.16. Katika upana wa milimita 400 hiyo ni karibu milimita 4.6. Kama ubao ungepasuliwa kwa kufuata nusu kipenyo, kusinyaa kungekuwa 2.5 ÷ 30 × 6, yaani asilimia 0.5, sawa na milimita 2 tu. Gogo ni lile lile na safari ni ile ile. Tofauti imeletwa na namna msumeno ulivyopita.

Sasa tazama kilicho chini ya uso. Kama seremala alipigilia msumari kutoka kwenye uso hadi kwenye fremu iliyo ngumu, na nyuzi za fremu zinakata nyuzi za uso, basi vipande viwili vimefungwa pamoja ilhali kimoja kinataka kusinyaa kwa milimita 4.6 na kingine hakitaki kabisa. Uso huvutwa pande zote mbili. Nguvu ya mbao ya kuhimili mvuto unaokata nyuzi ni ndogo mara nyingi kuliko ile ya kufuata nyuzi, kama ajuavyo kila mtu apasuaye kuni kwa shoka. Mwisho wake uso hupasuka, na ufa hufuata nyuzi kutoka ukingo hadi ukingo.

Meza hiyo basi haikupasuka kwa uzee, wala mbao yake haikuwa mbovu. Ilipasuka kwa sababu ilinyimwa nafasi ya kusogea.

Hila za seremala stadi

Seremala stadi hashindani na mbao, huipa njia. Ukiigeuza chini juu meza iliyotengenezwa vizuri, utaona dalili za elimu hii hata kama aliyeitengeneza hakuwahi kusikia neno selulosi. Uso haukupigiliwa misumari. Umeshikwa kwa vishikizo vidogo vya mbao vilivyofungwa kwa skrubu upande wa chini ya uso, na ncha zake zimeingia katika mifereji iliyochimbwa kwenye fremu. Uso ukisinyaa au ukivimba, vishikizo huteleza katika mifereji. Mahali pengine skrubu zimepita katika matundu marefu badala ya ya mviringo, kwa sababu hiyo hiyo.

Hila nyingine hufanyika kabla ya kazi kuanza. Mbao hupangwa kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti vya unene ulio sawa ili hewa ipite kila upande, na huachwa kwa miezi. Lengo si kuzikausha kabisa, bali kuzifikisha kwenye unyevu wa mahali meza itakapokaa. Anayenunua mbao mbichi asubuhi na kukabidhi meza jioni huwa amekabidhi meza ambayo bado haijamaliza kujitengeneza.

Miguu inayolegea

Katika meza nyingi za zamani, fremu na mguu huungwa kwa ulimi uliochongwa kwenye kipande kimoja na kuingia katika tundu la kipande kingine. Kiungo hiki kina nguvu nyingi, lakini baada ya miaka huweza kulegea hata kama hakuna aliyekalia meza.

Wakati wa mvua ulimi huvimba. Tundu halimpi nafasi, basi seli za ulimi husongwa na kupondeka. Kiangazi kikifika ulimi husinyaa tena, lakini sasa kutoka katika ukubwa uliokwisha kupungua. Nafasi hubaki. Baada ya misimu mingi gundi hukatika na mguu hucheza.

Dawa inayotumika sana ni kupigilia msumari, nayo ni mbaya kuliko ugonjwa. Msumari hupasua ulimi, huzuia mwendo wa mbao, kisha hushika kutu. Iliyo bora ni kukifungua kiungo, kukwangua gundi ya zamani, kuuongezea ulimi kipande chembamba cha mbao ikihitajiwa, na kugundisha upya. Kama meza iliungwa kwa gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, kazi ni nyepesi zaidi, maana gundi hiyo hulainika kwa maji ya moto au mvuke. Waliobuni gundi hiyo waliacha mlango wazi kwa fundi atakayekuja baadaye.

Madoa mawili ya kikombe

Juu ya meza za zamani huonekana madoa ya duara ya aina mbili, na ni makosa kuyatibu kwa dawa moja.

Doa jeupe huachwa na kikombe cha moto au bilauri yenye majimaji. Doa hilo halimo katika mbao, bali katika rangi angavu iliyopakwa juu yake, hasa ile itokanayo na shelaki, ambayo ni utomvu wa mdudu ulioyeyushwa katika spiriti. Matone madogo mno ya maji huingia katika utando huo na kuutawanya mwanga, kama ukungu unavyotawanya mwanga wa taa. Mara nyingi likiachwa mahali pakavu hufifia lenyewe. Kwenye shelaki, kitambaa safi kilicholowanishwa kidogo sana kwa spiriti na kupitishwa kwa wepesi huulainisha utando na kuyaachia maji.

Doa jeusi ni jingine kabisa. Hutokea pale maji yalipopenya hadi kwenye mbao na kukutana na chuma, labda kopo lenye kutu au kichwa cha msumari. Chuma huungana na tanini iliyomo katika mbao na kufanya kampaundi nyeusi. Kemia ya namna hiyo hiyo ndiyo iliyotumika kwa karne nyingi kutengenezea wino. Kupangusa juu hakusaidii kitu, kwa kuwa rangi imo ndani ya nyuzi.

Moyo wa mti na maadui wake

Shina lililokatwa huonyesha sehemu mbili: mbao changa ya nje yenye rangi hafifu, na moyo wenye rangi iliyokoza. Mbao changa huweka wanga, chakula cha mti, na wadudu wa jenasi ya Lyctus huutafuta wanga huo. Hutaga mayai katika vinyweleo vya mbao, na viluwiluwi vyao huacha unga laini kama wa ngano chini ya meza. Moyo hauna chakula hicho. Badala yake mti umeweka humo kemikali za kujikinga. Mvule una klorofori na msaji una tektokwinoni. Kuvu nao hawawezi kuozesha mbao ambayo unyevu wake uko chini ya asilimia 20. Kwa hiyo meza ya moyo wa mvule iliyo ndani ya nyumba kavu ina ulinzi wa aina mbili.

Kemikali hizo zina upande wa pili. Vumbi la mvule huwasha pua, macho na ngozi za watu wengi. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwanafunzi anayepiga msasa meza ya zamani afunike pua na mdomo, na afanye kazi mahali penye hewa.

Je, vya kale vyote ni bora?

Husemwa mara kwa mara kwamba maseremala wa zamani walikuwa hodari kuliko wa leo. Mwanasayansi hana budi kuwa mwangalifu hapa. Meza tunazoziona leo ni zile zilizosalia. Zilizotengenezwa vibaya zilikwisha kuwa kuni zamani, wala hazipo kutoa ushahidi. Kulinganisha mabaki bora ya jana na kazi zote za leo si kulinganisha kwa haki.

Vivyo hivyo, meza za chenga zilizoshindiliwa hazistahili kudharauliwa bila kufikiri. Hutumia mabaki ambayo yangetupwa, na uso wake hauna upande mmoja unaosinyaa kuliko mwingine. Udhaifu wake ni maji: zikilowa huvimba, na zikikauka hazirudi zilivyokuwa, kwa sababu chenga zilizobanwa kiwandani zimekwisha kuachana. Mbao nzima huvimba na kurudi. Iliyopasuka huweza kuunganishwa, ikapigwa randa na kutumika tena.

Hapa ndipo penye jambo zito. Mninga wa porini huhitaji makumi ya miaka kufikia unene wa kupasuliwa mbao, nao umekwisha kukatwa sana katika misitu ya miombo. Nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni ambayo mti uliivuta kutoka hewani. Meza yenye kilo 8 imehifadhi kiasi cha kilo 4 za kaboni, sawa na karibu kilo 14.7 za kabonidioksidi. Ikichomwa, kaboni hiyo hurudi hewani siku moja. Ikitengenezwa, hubaki sebuleni kwa kizazi kingine, na mti mmoja porini hupata nafuu.

Majaribio kwa shule

1. Pimeni nyumbani meza zenye uso wa duara, kila moja kwa vipenyo viwili. Andikeni aina ya mbao, mahali ilipotengenezwa kama panajulikana, na tofauti ya vipimo. Uso usio na tofauti yoyote uchunguzwe ukingoni: je, nyuzi za juu zinaendelea ubavuni, au kuna tabaka?

2. Kateni vipande viwili kutoka ubao mmoja, kimoja kirefu kwa kufuata nyuzi na kingine kirefu kwa kuzikata, kila kimoja cha milimita 150. Vipimeni urefu na uzito kila wiki kuanzia kiangazi hadi masika, na mchore grafu.

3. Penye tanuri la maabara, kausheni kipande kidogo kwa sentigredi 103 mpaka uzito usipungue tena, kisha tafuteni unyevu kilichokuwa nao mwanzoni.

Maswali

1. Kipande cha mbao kina gramu 275. Kikikaushwa kabisa kina gramu 250. Tafuta unyevu wake.

2. Uso wa meza ya mvule una upana wa milimita 500, nao unafuata mzingo. Unyevu wa mbao umeshuka kutoka asilimia 15 hadi 9. Kadiria kusinyaa kwake, kisha ulinganishe na uso wa msaji wenye upana huo huo.

3. Eleza kwa nini gogo lililopotewa na maji mengi laweza kuwa halijasinyaa hata kidogo.

4. Fundi ameombwa kuziba ufa wa meza kwa gundi na msumari. Mshauri, ukitoa sababu za kisayansi, jambo la kuchunguza kwanza chini ya meza hiyo.